Gari la kulala, Utah na Arizona: hela yetu ilikwenda wapi

Nianze na bei, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi. Gari la kulala tulilokodi Las Vegas lilitangazwa kwa bei ya chumba cha hoteli ya kawaida ya kando ya barabara. Mpaka tunalirudisha, kila usiku ulikuwa umetugharimu karibu mara mbili ya lile tangazo. Bima kando, mashuka kando, sufuria na sahani kando, usafi kando, maili zilizozidi kando. Pamoja na hayo ningelikodi tena, ila ningelikodi kwa ajili ya Utah peke yake. Arizona ningelala hotelini, na ndani ya Las Vegas hata mkinipa gari hilo bure nitalikataa.

Mimi na mume wangu tunaishi Ohio, jimbo ambalo sehemu kubwa ukipanda daraja la barabara kuu ndiyo umepanda mlima. Oktoba 2024 watoto tuliwaacha kwa mdogo wangu, tukaruka hadi Las Vegas na kufanya mzunguko: Zion, Bryce, Barabara Namba 12, Capitol Reef, Moab, Monument Valley, Page, Grand Canyon, kisha Las Vegas tena. Ni zaidi ya maili 1,200, karibu kilomita 2,000 ukijumlisha kuingia huku na kule. Kwenye ramani ya simu sehemu hizi zinaonekana zimebanana kama nyumba za uswahilini. Ukishika usukani ndipo unagundua kwamba Moab hadi Monument Valley tu ni kama maili 150, na katikati hapo vimji ni vya kuhesabu. Mkataba wetu ulitoa maili 100 kwa siku, kinachozidi kinalipiwa. Kwa hiyo anayekodi gari upande huu aulize maili kabla hajauliza kama redio inafanya kazi.

Gari lenyewe msilifikirie kama yale mabasi ya wastaafu yenye bafu na sofa. Ni vani ya mizigo iliyogeuzwa. Ndani kuna godoro linalojaza nafasi yote, chini ya godoro mnasukuma mabegi, na ukifungua milango ya nyuma unakuta jiko la gesi la kopo, sinki dogo la maji ya pampu na friji la kutosha nyama ya siku chache. Choo hakuna. Watu wawili wanaopendana wanatosha vizuri mpaka saa nane za usiku, mmoja anapotaka kutoka nje na yuko upande wa ndani. Mume wangu ana miguu mirefu, mimi silali bila shuka kujifunika kichwa, na kila aliyegeuka alimwamsha mwenzake. Kufikia mwisho wa safari tulikuwa tumepanga nani analala mlangoni kwa kuangalia nani amekunywa chai zaidi.

Kitu cha pili cha kununua baada ya gari ni kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa. Tulilipa dola 80. Bila kadi, getini mwa Zion gari ni dola 35, Bryce 35, Capitol Reef 20, Arches (hifadhi iliyo kando ya Moab) 30 na Grand Canyon 35, jumla 155. Kadi haifanyi kazi Monument Valley kwa sababu ile ni ardhi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, na wao wana mamlaka yao, wala haifanyi kazi Horseshoe Bend, kona maarufu ya Mto Colorado, ambako maegesho ni ya mji wa Page na wanatoza dola 10.

Zion sitakaa nayo sana. Ni korongo zuri lenye kuta nyekundu zinazokufanya ushike shingo, lakini kwa mwenye gari la kulala ni mahali pa kuegesha na kulisahau. Sehemu kubwa ya mwaka magari binafsi hayaruhusiwi kuingia ndani ya korongo. Unapanda basi la hifadhi, la bure, na maegesho yanajaa mapema asubuhi. Raha ya kuendesha iko unapotoka kuelekea mashariki, ukipita handaki lililofunguliwa mwaka 1930, zaidi ya kilomita moja na nusu ndani ya mwamba, na kwa mbali mbali wametoboa madirisha makubwa ukutani. Unakwenda gizani, ghafla jua na majabali yanakupita ubavuni, kisha giza tena. Wenye magari makubwa wasome masharti ya handaki kabla ya kwenda. Vani yetu ilipita bila maswali.

Bryce ndipo gari lilipoanza kuonyesha tabia zake. Ukingo wa Bryce uko juu, kati ya mita 2,400 na 2,700, na usiku wa Oktoba maji ya chupa tuliyoyaacha nje yaliganda. Asubuhi nawasha jiko, linakohoa, linazima. Lile kopo lilikuwa na butani, na butani joto likishuka kwenye sifuri haigeuki mvuke hata ulibembeleze. Waliotukodisha hawakutuambia, ingawa wanajua magari yao yanakwenda wapi. Mume wangu, Baba Nasra, akalichukua kopo, akaliingiza ndani ya koti, akakaa nalo kitini kama analea mtoto mchanga, na baada ya muda tukapata moto wa kuchemsha chai. Tangu hapo kopo lililala nasi kila usiku, chini ya blanketi, katikati. Nilimwambia haya ndiyo mambo ya kuoa mke wa pili.

Maharage nayo yaligoma. Kwenye kimo kile maji yanachemka kwenye nyuzi kama 92, kwa hiyo sufuria inatokota kwa mbwembwe na punje ndani bado ni changarawe. Tulimaliza kopo zima la gesi bila kula. Mkienda huko chukueni adesi, mchele, mayai, au maharage ya mkebe. Sisi tunakula halali na tulikuwa tumebeba nyama kutoka Las Vegas, nimeikata na kuigandisha kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja. Ilipoisha tukahamia samaki wa mkebe na mayai, na hatukufa. Miji ya njia hii ni midogo mno kutegemea kupata bucha unayoitaka. Kitu kimoja chepesi: hii ni nchi ya Wamormoni, watu ambao dini yao inakataza pombe, kwa hiyo pombe haikufuati kila kona, na ukitandika mswala wako kando ya gari hakuna anayekukodolea. Kibla huku kiko kaskazini, ukikata kidogo mashariki. Usigeukie mashariki moja kwa moja kwa mazoea.

Sasa Bryce yenyewe. Zile nguzo za mawe zimesimama kwa maelfu, rangi ya chungwa na waridi, nyingine zimebeba jiwe kubwa kichwani kama mtu anayetoka kisimani. Aliyewahi kufika Isimila kule Iringa atakuwa na pa kuanzia, ila azidishe mara nyingi na amwagie rangi. Mume wangu ni mtu wa Iringa, kwa hiyo nililisikia jina la Isimila kutoka juu hadi chini ya korongo na kurudi. Kinachozichonga ni ile baridi iliyozima jiko letu: kwa takriban siku 180 za mwaka joto hupanda na kushuka kuvuka kiwango cha kuganda, maji yaliyoingia kwenye nyufa yanaganda, yanavimba, yanapasua mwamba kidogo kidogo. Hifadhi imepewa jina la Ebenezer Bryce, mhamiaji aliyezaliwa Scotland na kufuga hapo, ambaye inasimuliwa alilalamika kwamba ni mahali pabaya sana kupotelewa na ng'ombe. Mfugaji yeyote angemwelewa. Shukeni kwa njia ya Queen's Garden na kupanda kwa Navajo Loop, na msijaribu kwenda haraka. Pumzi hapo ni chache.

Barabara Namba 12 ndiyo sababu ya andiko hili. Inaanza karibu na Panguitch na kuishia Torrey, kilomita kama 198, na kama mna siku chache tu za kukaa Utah, basi zitumieni hapa na mwendo uwe wa polepole. Baada ya mji wa Escalante lami inaingia kwenye bahari ya mawe meupe na ya njano, yamevingirika, hayana mti wala nyumba. Kisha, kabla ya kijiji cha Boulder, barabara inapanda juu ya mgongo wa mlima unaoitwa Hogback. Pana njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na kwenye vipande vingine ukitazama kushoto ni genge, ukitazama kulia ni genge, na kingo za chuma hakuna. Mume wangu amepita mlima wa Kitonga, kule kwao Iringa, kwenye basi tangu akiwa mtoto na huwa anajisifia. Hapo alizima redio mwenyewe. Mimi nilikuwa upande wa abiria, natazama chini dirishani, naona vilele vya miti ya kijani kando ya kijito mbali huko chini, na nikaacha kuongea. Upepo ulikuwa unaisukuma vani, kwa sababu ni ndefu na nyepesi nyuma, na hicho ni kitu ambacho gari dogo lisingekisikia. Kama siku yenu ina upepo mkali, subirini Escalante unywe chai upite kesho.

Boulder ni kijiji cha watu mia mbili na kidogo, na kilifungiwa na majabali haya kiasi kwamba barua zilifika kwa nyumbu hadi miaka ya 1930 imeingia. Ukitoka hapo barabara inapanda mlima Boulder hadi zaidi ya mita 2,900, na mandhari inageuka kabisa. Mawe yanaisha, inaanza misitu ya miti yenye magome meupe, na mwanzoni mwa Oktoba majani yake yalikuwa ya njano tupu, yanatetemeka hata pasipo upepo wa maana. Tuliegesha kwenye ardhi ya msitu wa serikali, bila malipo, bila jirani. Hii ndiyo faida ya gari la kulala ambayo hoteli haiwezi kukuuzia. Karibu theluthi mbili ya Utah ni ardhi ya serikali kuu, na kwenye sehemu kubwa ya ardhi hiyo mtu anaruhusiwa kulala siku kadhaa bure, mradi afuate alama, asiwashe moto palipokatazwa na aondoke na taka zake zote. Nikisema zote namaanisha na zile. Kuna mifuko maalumu ya haja yenye unga wa kugandisha. Nunueni kabla, na msione aibu.

Usiku ule tulitoka nje na blanketi, tukaona kishada cha nyota cha Kilimia kimepanda juu ya miti, angavu mno. Nyumbani Tanga nilikuwa nakiona, Ohio nilikuwa nimeshasahau kama kipo. Tulikaa mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi.

Capitol Reef wengi wanaipita kama kituo cha kukojoa kati ya Bryce na Moab. Wanakosea. Ndani ya hifadhi kuna bonde la Fruita, ambako walowezi wa Kimormoni walipanda matunda tangu karne ya 19, na hifadhi inaitunza ile miti mpaka leo. Msimu ukifika wanaweka alama kwenye shamba lililo wazi, unaingia, unachuma na kula papo hapo bila kulipa. Unachotaka kuondoka nacho unakipima mwenyewe kwenye mizani iliyowekwa nje na kutumbukiza hela kwenye sanduku. Hakuna mlinzi. Baba Nasra aliizunguka ile mizani mara mbili akitafuta kamera. Tulikuta matufaha, mengine yamepigwa na ndege, madogo, machachu, na yenye harufu ambayo yale ya dukani yaliyopakwa nta hayana. Kwenye nyumba ya zamani ya familia ya Gifford wanauza pai ndogo za matunda. Nenda mapema, zinaisha. Kambi ya hapo ina vyoo vya maji, jambo ambalo kwa mwanamke aliyetoka msituni lina thamani kuliko upinde wowote wa mwamba.

Kutoka hapo kuelekea Moab unapita Hanksville, na duka la sheli moja pale limechongwa ndani ya mwamba wenyewe. Jazeni tangi hapo hata kama limefika nusu tu.

Moab ni mji wa baiskeli na magari ya kurukia mawe, ghali na umejaa. Mwaka ule Arches walitaka uweke nafasi ya saa ya kuingia kwa dola 2, tukaweka. Njia ya Delicate Arch, upinde maarufu wa mwamba, ni kilomita kama 5 kwenda na kurudi, sehemu kubwa juu ya mwamba usio na kivuli. Upinde ni mzuri kama kwenye namba za magari ya Utah, na mbele yake kuna foleni ya watu wa picha inayokwenda kwa adabu.

Monument Valley ndipo niliposhukuru tuliweka chumba. Kwanza, mkataba wa gari ulikataza barabara zisizo na lami, na mzunguko wa bondeni ni vumbi na mashimo kwa maili 17. Anayeliingiza gari la kukodi pale anacheza na amana yake. Tulilipa dola 8 kila mmoja getini, tukapanda gari la wazi la mwongoza watalii Mnavajo, na hiyo ndiyo hela niliyoitoa kwa moyo mweupe kuliko zote. Alituonyesha ile minara ya mwamba iliyo kama viganja vyenye vidole gumba, lakini zaidi alituonyesha nani anaishi wapi, kondoo wa nani wanalisha wapi, na kwa nini mlango wa nyumba ya jadi unatazama mashariki. Wanavajo wenyewe wanajiita Diné. Ardhi yao, zaidi ya kilomita za mraba 70,000, ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na ndani ya nchi hii tajiri bado nyumba nyingi huko hazina maji ya bomba. Tulipishana na magari ya mizigo yenye matangi ya maji nyuma, baba anaendesha, watoto ndani. Sikuhitaji kuelezwa.

Pili, chakula. Wanafuga kondoo na wanakula kondoo. Uhalali wa nyama kila mtu aulize na aamue mwenyewe. Mimi nilikula mkate wao wa kukaanga, nikala na wa mume wangu. Ni mkubwa, laini, umevimba, na mtu wa pwani akiutia mdomoni anatabasamu. Pombe imepigwa marufuku karibu kote kwenye ardhi yao.

Tatu, saa, na hapa wengi wanaumia. Utah wanasogeza saa mbele majira ya joto. Arizona hawasogezi. Wanavajo, hata walio ndani ya Arizona, wanasogeza. Kwa hiyo ukiwa Monument Valley saa tatu asubuhi, Page ni saa mbili, na simu yako njiani inaruka mbele na nyuma kutegemea mnara iliyoushika. Ukiwa na nafasi ya Antelope Canyon, korongo jembamba karibu na Page, ambako huingii bila mwongoza watalii wa Kinavajo, ulizeni tiketi inasema saa ya nani. Sisi tulipiga simu kuuliza. Kuna mume na mke tuliowakuta pale mapokezi wakigombana kwa Kijerumani, na sidhani kama walikuwa wanagombania kitu kingine.

Grand Canyon nitasema nilivyoona. Ni korongo la kilomita 446 kwa urefu na kina chake kinazidi kilomita moja na nusu, na ukisimama ukingoni macho yanakataa. Inaonekana kama picha iliyotundikwa. Tulivutiwa dakika ishirini za kwanza, kisha tukaanza kutafuta pa kuegesha. Kilichotuweka ni mnara wa Desert View, uliosanifiwa na Mary Colter na kukamilika 1932, wenye michoro ya Fred Kabotie, msanii wa kabila la asili la Wahopi, kwenye kuta za ndani. Panda ngazi mpaka juu, tazama Mto Colorado unavyoonekana kama uzi wa kijivu. Lakini kambi za ukingo wa kusini zinahitaji nafasi miezi kadhaa kabla, zimebanana, jirani anakoroma unamsikia. Hapo gari la kulala linakuwa hoteli mbaya.

Kurudisha gari: mkaguzi alikuja na tochi. Vumbi jekundu la Utah linaingia hata kwenye bawaba za milango, na ada ya usafi tuliyokwisha kulipa kumbe haikuhusu vumbi la nje. Pigeni picha kila upande siku ya kuchukua na siku ya kurudisha. Amana ilirudi ikiwa imepungua kidogo.

Na kwa mnaopanga kualika ndugu kutoka nyumbani, bei zimebadilika. Kuanzia Januari 2026 kadi ya dola 80 ni ya wakazi wa Marekani wenye kitambulisho cha hapa. Mgeni analipa 250. Mgeni asiye na kadi, mwenye miaka 16 na zaidi, anaongezewa dola 100 kwa kichwa kwenye hifadhi 11 zinazotembelewa sana, na Zion, Bryce na Grand Canyon zimo. Arches na Capitol Reef hazimo. Mama mkwe anakuja mwakani msimu wa mavuno, na tumeshamwambia kwamba Baba Nasra ataendesha moja kwa moja hadi Fruita.